Alama B ya Kiswahili na Mlango wa Ofisi ya Wakili

Kuna Bura mbili, na Mto Tana umepita baina yao. Ile ya ukingo wa mashariki iko Fafi, katika Kaunti ya Garissa, na wenyeji wake aghalabu ni Wasomali wafugaji. Ile ya ukingo wa magharibi imo katika Kaunti ya Tana River. Ndiyo iliyovuma miaka ya themanini kwa mradi wa kilimo cha kunyunyizia maji uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mradi uliowakusanya wakulima kutoka pembe nyingi za Kenya wakaja kuishi jirani na Waorma na Wapokomo. Anayetoka Bura hii kwenda ile hubadilisha kaunti, na mara nyingi hubadilisha lugha ya nyumbani pia. Lugha inayovuka naye mto ni Kiswahili. Ndiyo lugha ya sokoni, ya garini, ya zahanati na ya baraza la chifu. Ng'ombe wa mtu wakila mahindi ya mtu mwingine, ugomvi husemwa kwa Kiswahili, na suluhu nayo hutafutwa kwa Kiswahili.

Kijana wa Bura yoyote kati ya hizo mbili anapoamua kuwa wakili, Kiswahili hicho humfaa mara moja katika safari nzima, kisha huambiwa kikae kando. Makala haya yahusu mara hiyo moja, na hasa yanayotokea baada yake, wakati kijana huyo anapoketi kuandika barua ya kuomba nafasi ya uanagenzi katika ofisi ya mawakili.

Mara hiyo moja ni wakati wa kuingia. Kanuni za elimu ya sheria za mwaka 2016 zilimtaka anayeomba kusomea shahada ya sheria kwa cheti cha KCSE awe na wastani usiopungua C+, na alama isiyopungua B katika Kiingereza au Kiswahili. Kabla ya hapo, Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya ya mwaka 2012, katika jedwali lake la pili, ilikuwa imetaja lugha hizo mbili kwa namna iyo hiyo. Mahakama zimeshughulika sana na swali la ni waombaji gani hasa wanaobanwa na jedwali hilo, na kesi zimepanda ngazi kwa ngazi. Ila mvutano huo haukuwa juu ya neno "au". Nalo neno "au" ni dogo kwa umbo, zito kwa maana. Lasema kwamba mtahiniwa aliyepata B ya Kiswahili na C ya Kiingereza ana uwezo wa lugha unaotosha kusomea uwakili. Kwa vyuo vikuu na shule ambako walimu wa Kiswahili wamezoea kuulizwa somo lao lina faida gani, hiki ni kifungu cha kubandikwa ukutani.

Baada ya hapo "au" hutoweka. Mwanafunzi hupitia miaka minne ya shahada kwa Kiingereza. Huenda Chuo cha Sheria kule Karen, Nairobi, na huko pia ni Kiingereza. Kisha hutakiwa kukaa miezi sita kama mwanagenzi chini ya wakili mzoefu. Asipoitimiza, hawezi kuliwasilisha kwa Jaji Mkuu ombi la kuingizwa katika orodha ya mawakili. Miezi sita si mingi. Tatizo ni kuipata.

Ofisi kubwa za mawakili wa Nairobi zinahesabika. Baadhi ni kongwe kuliko nchi yenyewe: Hamilton Harrison & Mathews ilianza mwaka 1902, miaka kumi na minane kabla ya Kenya kuitwa koloni. Ofisi za namna hii hutafutwa na wahitimu wengi kuliko viti vilivyopo, maana jina lake katika wasifukazi humfungulia mtu milango kwa miaka ishirini. Mwombaji hutakiwa barua, wasifukazi, nakala za matokeo, pengine insha ya kisheria, kisha mahojiano. Hiyo ndiyo sehemu inayoonekana. Sehemu isiyoonekana ni kwamba nafasi nyingi, hasa katika ofisi ndogo na za kati, hazitangazwi kamwe. Hujazwa kwa simu moja: mjomba amesoma na mwenye ofisi, mhadhiri amemfundisha mshirika wa ofisi, jirani wa Kileleshwa ana mtoto hodari. Hakuna hongo hapo wala uvunjaji wa sheria. Ni desturi ya watu kuwapa nafasi wanaowafahamu, na ndiyo sababu haiwezi kulalamikiwa popote.

Basi mtoto wa Bura amtafute mjomba yupi? Swali hili lina historia, na si busara kuliruka. Kuanzia Desemba 1963 hadi 1991, Kaskazini Mashariki ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda huko wakati wa vita vya "shifta", na eneo lililotajwa lilijumuisha pia wilaya ya Tana River, yaani Bura zote mbili. Kizazi kizima kiliijua sheria kama kizuizi barabarani na askari anayedai kipande, kabla ya kuijua kama kazi ambayo mtoto anaweza kuisomea. Wapo waliopenya. Mohammed Khadhar Ibrahim, Mkenya wa jamii ya Wasomali, alianzisha ofisi ya uwakili pamoja na Githu Muigai. Mwaka 1990 alitiwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 2003 akawa jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 2011 akawa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu. Ni jina la kujivunia. Hata hivyo jina moja, au majina kumi, hayawezi kufanya kazi ya wajomba elfu moja waliotapakaa katika maghorofa ya Upper Hill na Westlands.

Tena kuna gharama. Wanagenzi wengi hulipwa posho ndogo, na wengine hawalipwi chochote. Aliyezaliwa Nairobi hulala kwao na kula kwao kwa miezi hiyo sita. Aliyetoka Fafi hulipa chumba, nauli na chakula, akiwa amekwisha kuwalemea wazazi kwa karo ya Karen. Mifugo iliyouzwa kwa ajili ya shahada haizaliani upya kwa sababu mwanao amepata nafasi isiyo na mshahara. Na akiitwa kwenye mahojiano ghafla akiwa nyumbani, lazima kwanza afike. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko ya Tana yaliifunika barabara baina ya Garissa na Madogo, watu wakawa wanavuka kwa mashua. Barua pepe ya kumwita mtu "kesho saa tatu asubuhi" haijui habari hizo.

Hata kitambulisho chenyewe hakikuwa jambo la kupewa bila maswali. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti za mpakani walipigwa msasa maalum kabla ya kukipata, wakisimamishwa mbele ya kamati kuthibitisha uraia ambao kijana wa Nyeri hakuulizwa kamwe. Ni Februari 2025 tu ndipo Rais William Ruto alipotangaza, akiwa Kaskazini Mashariki, kwamba msasa huo umekomeshwa.

Ugumu wa kupokelewa ofisini si mpya, wala haukuanzia kwa Wasomali. Kabla ya uhuru, ofisi za uwakili nchini Kenya karibu zote zilikuwa za Wazungu na Wahindi. Argwings-Kodhek, anayetajwa kuwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, alilazimika kufungua ofisi yake mwenyewe katika miaka ya hamsini. Mwaka 1961 kamati iliyoongozwa na jaji Mwingereza, Lord Denning, ilitoa ripoti kuhusu elimu ya sheria kwa Waafrika. Mwaka huo huo kitivo cha sheria kikafunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1963 Chuo cha Sheria kikaanza Nairobi. Lakini hata kwa wanafunzi wa mwanzo wa chuo hicho, masomo yalikwenda sambamba na ukarani wa mkataba katika ofisi ya wakili, na ofisi hizo zilikuwa za wale wale. Kijana aliweza kufaulu mitihani yote akakwama kwa kukosa mtu wa kumpokea. Miaka zaidi ya sitini baadaye, kilichobadilika ni rangi ya anayepokea. Kumtegemea mpokeaji kungaliko.

Hadi hapa pengine msomaji atasema: haya ni matatizo ya umaskini na umbali, Kiswahili kinaingiaje? Kinaingia kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho mwombaji wa Bura anacho kwa wingi kuliko mshindani wake wa Nairobi, na ndicho kitu ambacho hakuna anayemuuliza.

Ni vyema kuangalia kazi ya mwanagenzi ni ipi hasa. Hasimami mbele ya majaji kutoa hoja; bado hajaruhusiwa. Hupokea wateja, huwasikiliza, huandika maelezo yao, hutayarisha rasimu ya hati ya kiapo, hupeleka majalada masjala, huketi nyuma ya wakili wake mahakamani akiandika. Karibu kila moja ya kazi hizo, nje ya ofisi chache zinazohudumia mabenki na makampuni, huanza na mtu anayezungumza Kiswahili au lugha ya kwao, na huishia katika karatasi ya Kiingereza. Baina ya mdomo na karatasi kuna mwanagenzi.

Uchukuliwe mfano mmoja ambao Garissa unajulikana vizuri mno. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991. Katika miaka ya njaa iliyofuata, baadhi ya familia za Kenya zilizoishi karibu zilikwenda kambini kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mgao, shule na daktari. Alama za vidole zao zikachukuliwa pamoja na za wakimbizi. Watoto walipofikia umri wa miaka kumi na minane wakaomba vitambulisho, kompyuta ikasema wao ni wakimbizi. Maelfu wamenaswa na usajili huo wa mara mbili, na mashirika ya Garissa, hasa Haki na Sheria, yamepigania jambo hilo kwa miaka. Sasa mama mmoja wa namna hiyo aketi mbele ya mwanagenzi na kueleza: "Wakati ule wa njaa niliwaandikisha watoto chakula." Mwanagenzi ambaye Kiswahili chake ni cha kuagizia chai ataandika kwa Kiingereza kwamba mama aliwasajili watoto wake kuwa wakimbizi. Kwa haraka zake ataona amefupisha tu. Kumbe amemkiriza mama huyo jambo ambalo hakulisema, chini ya kiapo, katika kesi ambayo swali lake zima ni lile lile: je, familia hii ilijitangaza kuwa ya wageni, au ilitafuta unga? Kuandikisha chakula na kusajiliwa ukimbizi ni mambo mawili, na uraia wa mtu unaning'inia baina yake.

Kanuni za viapo za Kenya zinaitambua hatari hiyo. Zina hata muundo wa maneno ya kuthibitisha kwamba hati imesomewa mwapaji na mtu mwingine. Lakini atakayemsomea mama wa Bura hati hiyo, kwa lugha ya kumfanya aseme "hapana, sivyo nilivyosema," ni nani? Ni yule yule aliyeiandika.

Mahakama nazo zimelisema hili tangu zamani. Kila mwanafunzi wa sheria wa Kenya hukariri kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973. Adan ni jina ambalo mashariki ya Tana halihitaji kuelezwa. Uamuzi huo uliweka utaratibu wa kupokea jibu la mshtakiwa: asomewe mashtaka na kufafanuliwa kila kipengele cha kosa kwa lugha yake au lugha anayoielewa, maneno yake ya kukiri yaandikwe kama alivyoyatamka, kwa kadiri inavyowezekana, kisha asomewe maelezo ya tukio, apewe nafasi ya kuyapinga. Katiba ya 2010 ikaongeza nguvu. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na cha 50 kinampa mkalimani bila malipo asiyeielewa lugha ya mahakama. Sheria za mwenendo wa kesi, za jinai na za madai, zimeziacha mahakama za chini, zikiwamo za kadhi, zitumie Kiingereza au Kiswahili, ingawa zimeifungia Mahakama Kuu na ya Rufani katika Kiingereza. Kwa hiyo mtu wa kwanza kabisa ambaye mwananchi wa Fafi hukutana naye katika safari ya haki, yaani polisi, karani, hakimu wa Garissa au kadhi, anaruhusiwa na sheria kusema naye Kiswahili. Tangazo la nafasi za uanagenzi huomba "ufasaha mkubwa wa Kiingereza cha kuandika na kusema", na likikitaja Kiswahili hukitaja kama adabu.

Kuna jibu ambalo wenye ofisi hulitoa, nalo lisidharauliwe. Husema: wateja wetu ni mabenki, kampuni za bima na wawekezaji kutoka nje, mikataba yao ni ya Kiingereza, kosa la koma moja laweza kugharimu mamilioni. Ni kweli. Mwanagenzi asiyeweza kuandika Kiingereza safi hafai kupewa mkataba wa mkopo, hata awe malenga wa Lamu, na hakuna mwalimu wa Kiswahili mwenye busara atakayedai vinginevyo. Lakini ofisi hizo hizo hupokea pia kesi za ardhi, za ajali, za wafanyakazi waliofutwa. Benki ikimshtaki mdhamini wa mkopo aliyeko Masalani au Hola, shahidi wa benki atahojiwa kwa Kiingereza na mdhamini atahojiwa kwa Kiswahili, na wakili asiyeielewa lugha ya pili atategemea mkalimani wa mahakama kujua kama kesi yake inakwenda mrama. Kinachoombwa hapa si huruma kwa mtoto wa pembezoni. Ni ofisi kupima ujuzi inaoutumia.

Upimaji wenyewe ungechukua nusu saa. Mwombaji asikilizishwe mteja akieleza tatizo lake kwa Kiswahili kwa dakika tano, mteja mwenye kurudi nyuma, mwenye kuchanganya tarehe, kama wateja walivyo. Aandike hati ya kiapo kwa Kiingereza. Kisha amgeukie mteja, amsomee kwa Kiswahili alichokiandika. Wangapi kati ya wahitimu wa Kiingereza cha kupendeza wangeipita sehemu ya tatu?

Hapa lawama inageuka na kuelekea kwenye idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi wake. Kila mtahiniwa wa KCSE amejibu swali la isimujamii katika Karatasi ya Pili. Amepewa mazungumzo mafupi, "Mheshimiwa Hakimu" kwenye mstari wa kwanza, akaulizwa hiyo ni sajili gani, akaandika "sajili ya mahakamani" kwa furaha ya mtu aliyeokota alama mbili. Kisha akaorodhesha sifa: hutumia msamiati maalum, hurejelea vifungu vya sheria, huwa na lugha ya unyenyekevu. Chuo kikuu huja akaongezewa nadharia na majina ya wanaisimu. Lakini huyo anayeijua sajili kwa sifa zake kumi, akiambiwa aandike kwa Kiswahili hati ya kiapo ya kurasa mbili, au notisi ya madai, au barua ya wakili kwa mdaiwa, kalamu itamgoma. Amefundishwa kuitambua sajili kama mtu anavyotambua ndege kwa mbali kwa rangi ya mabawa.

Istilahi zenyewe hazijatulia. Neno "dhamana" katika mahakama za Kenya hubeba mizigo miwili: fedha taslimu ambazo mshtakiwa huweka mahakamani ili aachiliwe, na ahadi ya maandishi isiyo na fedha mkononi, yenye mdhamini. Kiingereza kina neno kwa kila moja. Hakimu akitoa amri ya moja au nyingine kwa masharti tofauti, mkalimani akasema "dhamana" mara mbili, jamaa za mshtakiwa hutoka nje wakiulizana kama wauze ng'ombe au walete hati ya shamba. Mkenya husema "rufaa", Mtanzania "rufani". Hilo halimwumizi mtu. La "dhamana" linaumiza, na ni kazi ya wanafunzi wa istilahi na tafsiri kulishughulikia.

Waombaji nao wana lao. Ni kawaida siku hizi kukuta barua moja iliyonakiliwa kwenye mtandao ikitumwa ofisi arobaini, jina la ofisi likibadilishwa juu na kusahaulika katikati. Mwombaji hujiita "mchapakazi anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo", maneno ambayo hata mvivu huyaandika. Huyu wa Bura aghalabu huongeza kosa la peke yake: hujificha. Huweka anwani ya ndugu aliyeko Nairobi. Huitaja shule ya sekondari kwa jina bila kusema iko wapi. Kisomali au Kiorma hakitaji kabisa, na Kiswahili hukiweka mwisho wa ukurasa wa pili, karibu na "kusoma na kusafiri". Anaogopa, na hofu yake ina msingi. Jina na mahali vimemponza mara nyingi mbele ya vizuizi na kamati. Ila kwa kujificha huwa ameifuta sababu pekee ya ofisi kumchagua yeye badala ya mpwa wa mtu. Ofisi inayoshughulikia ardhi ya jamii chini ya sheria ya mwaka 2016, au mpaka wa Garissa na Tana River unaobishaniwa miaka nenda miaka rudi, au kesi zinazosikilizwa katika mahakama ya Dadaab, inahitaji kujua kwamba mwombaji huyu amekulia humo.

Mtazamo wa kutamani ya Tanzania unahitaji uangalifu. Mwezi Februari 2021 Bunge la huko lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibakizwa pale ambapo haki inakihitaji. Kabla ya hapo, kwa miongo mingi, mashahidi wa Tanzania walisema Kiswahili, mawakili wakauliza kwa Kiswahili, na hakimu aliyekuwa Mswahili kama wao akaketi akitafsiri kichwani na kuandika mwenendo kwa Kiingereza. Hata hivyo sheria ya siku moja haiandiki vitabu vya kiada wala kufasiri uamuzi wa miaka hamsini. Kenya, ambayo haijafika hapo wala haionyeshi haraka, haihitaji kungoja Bunge ili ofisi ya wakili imuulize mwombaji anajua lugha gani. Kifungu kinachoifungia Mahakama Kuu katika Kiingereza hakihusu mahojiano ya kazi.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina nafasi humu, na si ya kongamano jingine lenye mada kuhusu mustakabali wa lugha. Wanafunzi wa sheria wako kampasi jirani, wakiandika maombi yao usiku kabla ya tarehe ya mwisho. Waalikwe Jumamosi moja mapema mwakani pamoja na wasifukazi wao. Wa Kiswahili walete ujuzi wa tafsiri, wa sheria walete hati halisi zilizofutwa majina, wafanye zoezi lile la nusu saa kwa zamu, mmoja akiwa mteja, mmoja mwanagenzi. Anayetoka Garissa, Hola au Mandera afanye la lugha tatu. Wakili mmoja mwenye moyo akiwapo kuwasikiliza, huenda akapata humo mwanagenzi ambaye hakutafutwa kwa simu. Idara nayo ihesabu hati zilizoandikwa siku hiyo kama kazi ya mradi, maana wanafunzi ni wanafunzi, na kisichotiwa alama husahauliwa ifikapo Jumatatu.

Na barua ya yule wa Fafi iandikwe upya, aya ya kwanza kabla ya zote, kwa Kiingereza maadamu ndicho kinachosomwa huko inakokwenda, lakini ikisema jambo hili: "Nimezaliwa Bura, Fafi. Humsikiliza mteja kwa Kisomali au kwa Kiswahili, nikaandika hati yake kwa Kiingereza, kisha nikamsomea tena kwa lugha yake hadi akubali kwamba ndivyo alivyosema. Nimeambatisha hati mbili za mfano, pamoja na tafsiri zake."